Watoto Wanaongoja Basi Kwenye Baridi Kali

Huko Marekani, upande wa kaskazini, liko jimbo linaloitwa Minnesota. Mwezi wa Januari jua la huko halichomozi mpaka karibu saa mbili asubuhi. Lakini watoto wengi wa shule hutoka nyumbani kabla ya hapo. Husimama kando ya barabara, gizani, wakingoja basi la shule. Basi lenyewe ni la njano. Rangi hiyo ilikubaliwa mwaka 1939 katika mkutano uliofanyika New York, kwa sababu huonekana upesi hata mwanga ukiwa mdogo.

Basi halipiti kila mlango. Lina vituo vyake, na mtoto hutakiwa awe kituoni kabla halijafika. Hapo ndipo penye hatari. Safari si shida, maana ndani ya basi mna joto. Shida ni zile dakika za kusimama.

Pengine utauliza, mambo ya Minnesota yanatuhusu nini sisi wa huku? Yanatuhusu. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, imepokea ndugu zetu wa Kongo tangu mwaka 1996. Maelfu yao wamepelekwa kuishi Marekani, na baadhi wameangukia majimbo ya baridi. Wanasema Kiswahili kama sisi. Mama aliyelea watoto katika joto la Kigoma anajikuta anamtoa mtoto nje kwenye baridi ambayo hata babu zake hawakuisikia. Na hapa kwetu, watu wa Makete wanajua jinsi umande unavyoganda juu ya nyasi kule Kitulo, asubuhi za Juni na Julai.

Baridi ya kiasi gani?

Maji huganda kwenye nyuzi 0. Friza la kugandishia nyama huwa na nyuzi 18 chini ya 0. Sasa sikia: tarehe 30 Januari 2019, mji wa Minneapolis ulifika nyuzi 33 chini ya 0. Ndani ya friza kulikuwa na nafuu kuliko barabarani! Siku hiyo shule nyingi zilifungwa. Kabla ya hapo, tarehe 6 Januari 2014, gavana wa jimbo, Mark Dayton, alifunga shule zote za serikali za Minnesota kwa sababu ya baridi.

Lakini siku za kufunga shule ni chache. Siku nyingi za baridi watoto huenda kama kawaida. Mgeni na aangalie jambo moja. Wamarekani hupima kwa kipimo chao, Farenhaiti. Kwa kipimo hicho maji huganda kwenye 32, siyo 0. Wakisema leo ni 0, ujue ni baridi ya friza.

Kisha kuna upepo. Uji wa mtoto ukiwa wa moto, mama hufanyaje? Huupuliza. Pumzi huondoa joto lililo juu ya uji. Upepo huufanyia mwili vivyo hivyo. Mwili hupasha joto hewa nyembamba iliyo karibu na ngozi, na hewa hiyo ni kama shuka. Upepo ukija huichukua, mwili ukapasha nyingine, nayo ikachukuliwa. Wataalamu wa hali ya hewa wa Marekani wameweka hesabu. Baridi ikiwa nyuzi 18 chini ya 0, na upepo wa kilomita 24 kwa saa, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda kwa dakika 30. Baridi ikifika nyuzi 26 chini ya 0 na upepo ni ule ule, ni dakika 10 tu.

Tena mtoto hupoa upesi kuliko mtu mzima. Chungu kidogo na sufuria kubwa vikiepuliwa pamoja, kipi hupoa kwanza? Kwa hiyo mzazi asipime baridi kwa mwili wake mwenyewe. Wewe unaweza kuona unavumilia, kumbe mtoto amekwisha.

Namna ya kumvika

Watu hudhani dawa ya baridi ni koti moja zito. Sivyo. Nguo tatu zilizovaliwa moja juu ya nyingine ni bora, kwa kuwa kati ya nguo na nguo hukaa hewa, na hewa hiyo ndiyo hutunza joto. Kuku hufanya hivyo akitutumua manyoya. Ya ndani isiwe ya pamba, kwa sababu pamba hunywa jasho ikakaa na majimaji mwilini. Ya katikati iwe sweta la sufu. Ya juu izuie upepo na maji.

Kofia ifunike masikio. Glovu zisizotenganisha vidole hushinda zenye vidole, maana vidole vikikaa pamoja hupashana joto. Viatu visibane. Wazazi wengine humvika mtoto soksi tatu katika kiatu kile kile, mguu ukabanwa, damu isipite vizuri. Mguu huo utapoa upesi zaidi.

Skafu ni nzuri, lakini ncha zake ziingizwe ndani ya koti. Kamba za koti ndizo mbaya zaidi. Huko Marekani wako watoto waliokufa baada ya kamba za nguo zao kunaswa na mlango wa basi, nalo likaondoka. Ziondolewe kabisa.

Pale kituoni, mtoto afike dakika tano kabla ya basi. Asikae nusu saa eti asije akaachwa. Asipande kwenye malundo ya theluji yaliyosukumwa kando ya barabara, kwani huteleza mtu akaangukia chini ya magurudumu. Asimame mbali kama hatua tano kubwa mpaka basi lisimame na mlango ufunguke. Na asiguse chuma kwa ulimi! Watoto hupenda kujaribu, na ulimi hunata.

Basi likichelewa

Siku za baridi kali mabasi huchelewa. Dizeli yenyewe huanza kuganda kama samli, injini zikakataa kuwaka. Wakati mwingine shule hutangaza kwamba itafunguliwa saa mbili baadaye kuliko kawaida. Habari hizo huletwa kwa simu alfajiri, mara nyingi kwa Kiingereza. Mzazi asiyeweza kuzisoma humtuma mtoto kituoni kama siku zote, naye husimama peke yake, basi haliji. Ninyi mliopita darasa la kisomo mnaelewa jambo hili kuliko mimi. Shule za serikali za huko zinapaswa kumpa mzazi habari kwa lugha anayoielewa. Aombe tu, bila haya.

Lingine ni mlango wa jirani. Wazazi wengi huenda kazini kabla ya basi kufika, wakafunga nyumba. Basi lisipokuja, mtoto aende wapi? Apangiwe mapema nyumba ya jirani ya kugonga, na aambiwe asizidishe dakika kumi za kungoja.

Ngozi ikianza kuganda huchoma kama sindano. Halafu maumivu huisha. Mtoto atasema amepona, kumbe hapo ndipo pabaya. Ngozi hupauka, huwa ngumu kama nta. Kwa ngozi nyeusi si rahisi kuona, basi minya kidole umuulize kama anasikia. Usisugue. Usimpeleke kwenye moto, maana hasikii na ataungua. Tumbukiza sehemu hiyo kwenye maji ya uvuguvugu uliyoyapima kwa kiwiko chako, kisha muone daktari. Na mtoto aliyetetemeka sana akaacha kutetemeka akiwa bado wa baridi, anayesinzia au kusema maneno yasiyoeleweka, huyo ni wa hospitali mara moja. Mvue nguo zenye maji, mpashe joto kifuani kwanza.

Makete na Njombe hatuna baridi ya kugandisha ngozi kwa dakika 30. Kwetu adui ni mvua pamoja na upepo. Mtoto aliyeloa sweta akapanda mlima kilomita nne anaweza kupoa mwili vibaya hata kama maji hayajaganda. Koti la mvua, au hata kipande cha nailoni kilichofungwa mabegani juu ya sweta, huzuia vyote viwili. Na soksi kavu zikifungwa vizuri kwenye mfuko wa madaftari, atabadilisha akifika darasani.