Udi, Vumbi na Ngozi Inayomaindi

Tusidanganyane: udi wa Kihindi unanuka zizi. Jipake upande mwendokasi kule Dar uone abiria wanavyokunja pua, mmoja atauliza nani kaingia na mbuzi. Jipake hapa Karatu, mzee wa Kiiraqw aliyekaa kwenye benchi la kinyozi anavuta hewa, anatulia, halafu anakwambia hilo ni zizi la alfajiri, samadi haijazolewa bado, na kuna ndama pembeni. Anasema huku karidhika kabisa. Ndiyo maana kila nikishuka Chuga nawaambia masela: kwenye hii michongo ya mafuta mazito ya Kiarabu, pua za huku juu ni za kibingwa. Zimekulia kwenye moshi wa kuni, maziwa, ngozi mbichi na vumbi, na huo ndio unyama wenyewe ambao wenye mkwanja wa Dubai na Muscat wanaununua kwa mili.

Kinachozingua ni ngozi.

Yangu inamaindi kinoma. Nina pumu ya ngozi tangu nikiwa dogo, kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti, na Karatu haiwaonei huruma watu wa aina hiyo. Mji uko kwenye mita 1,500 hivi juu ya bahari. Ukipanda mpaka ukingo wa kreta ya Ngorongoro unagonga 2,300. Julai baridi inakata, hewa kavu, vumbi jekundu linaingia mpaka ndani ya soksi. Ngozi ikikauka hivyo inapasuka nyufa ndogo zisizoonekana kwa macho, na kila unachopaka juu kinapenya kwenda chini. Sasa hapo ndipo msee anataka kudondosha tone la mafuta lenye vitu zaidi ya mia ndani yake.  

Siku za mnada kuna jamaa mmoja, Mrangi wa Kondoa, anapanga vichupa mezani na kupima kwa bomba la sindano. Ukikaribia tu anaanza: "Kaka, leo nina kitu cha moto, siku tatu hakitoki."

Wengine hapo wanatoa hela. Mimi nasikia "siku tatu hakitoki" na viwiko vinaanza kuwasha vyenyewe.

"Mafuta matupu au umechanganya na spiriti?"

"Matupu, kaka. Spiriti naweka kwa wale wanaotaka ya kupuliza."

Ulizeni hilo swali, ni la maana. Spiriti inachoma pale ngozi ilipochanika na inazidi kuikausha, ila inapaa haraka ikaisha. Mafuta hayaumi yanapogusa, lakini yanakaa palepale kutwa nzima, na kama humo ndani kuna kitu ambacho mwili wako haukitaki, mwili utakuwa na muda wa kutosha wa kukikataa. Na msiniletee ile ya "hii ni ya asili, haina shida." Mafuta ya karafuu ya Pemba ni asili tupu, yanakenekwa kwa mvuke kwenye kiwanda cha ZSTC, shirika la biashara la Zanzibar, kule Wawi, Chake Chake, na zaidi ya asilimia 70 ya hayo mafuta ni kitu kinaitwa yujenoli. Daktari wa meno anaitumia kutuliza jino. Ndiyo hiyohiyo iliyomo kwenye orodha ya vitu 26 ambavyo Umoja wa Ulaya, tangu 2005, unataka viandikwe kwenye lebo kwa sababu vinaamsha aleji. Kiini cha mdalasini kimo. Jeranioli, iliyojaa kwenye waridi, imo. Mwaka 2023 wakaipanua orodha ikapita vitu 80. Kichupa cha kupimiwa mnadani hakina lebo yoyote, kwa hiyo maabara ni mkono wako.

Kingine ambacho wauzaji hawapendi kukisikia: usichukue kichupa cha maonyesho. Kile kinachokaa mezani kinapigwa jua, kinafunguliwa na kila mpita njia, hewa inaingia. Vile vitu vinavyotoa harufu ya ndimu na mrehani, limonini na linalooli, vikikutana na hewa muda mrefu vinageuka, na vikishageuka vinaichokoza ngozi zaidi kuliko vilivyokuwa vibichi. Mwambie akutolee cha ndani ya boksi. Atamaindi kidogo, potezea.

Jua nalo lina kesi yake. Pafyumu nyingi zinafunguka na bergamoti, tunda la jamii ya machungwa kutoka Italia. Mafuta yake ghafi yakiwa kwenye ngozi na jua likapiga, ngozi inaungua na kuacha baka jeusi linaloweza kukaa miezi. Kila mita 1,000 unazopanda, mionzi inayounguza inaongezeka kwa kama asilimia 10, na sisi tuko karibu na ikweta, juu, na vijana wanaoendesha watalii wanasimama kutwa paa la gari limefunguliwa. Shingo yenye bergamoti haitakiwi pale.

Kupima kwenyewe hakuna mbwembwe. Chagua sehemu nzima ya mkono kwa ndani, chini kidogo ya kiwiko, isiyo na ukurutu. Tone dogo, ukubwa wa punje ya mtama. Usisugue, usioge na sabuni hapo siku mbili. Ikichoma palepale na kuwa nyekundu, mafuta ni makali, yafute, kesi imeisha. Ila aleji yenyewe ina tabia ya kuja kimyakimya: siku ya kwanza freshi, siku ya pili unajikuna usingizini, siku ya tatu vipele. Ndiyo maana huwa nasubiri mpaka siku ya nne ndipo naamua. Ikipita hapo, napaka sehemu ileile asubuhi na jioni kwa wiki nzima, kwa sababu kuna mafuta yanayokubembeleza mara ya kwanza na kukugeuka baadaye. Mkono ukitoka malengelenge yanayochuruzika maji, achana na ushauri wa kitaa, mimi nikiwemo. Kule Moshi, hospitali ya KCMC, kuna kituo cha mafunzo ya madaktari wa ngozi kwa ukanda wote huu tangu 1992. Nenda kwa wanaojua.

Haya, turudi kwenye raha.

Mti wa udi ukiwa mzima hauna harufu ya kumsimamisha mtu. Kuvu ikishaingia kwenye shina, mti unajitetea kwa kujaza utomvu mzito mweusi, na hicho kidonda ndicho kinachouzwa. Miti inazidi kuadimika. Udi wa aina ya Assam, ndio huo wa Kihindi, uko chini ya CITES, mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini, tangu 1995, kwa hiyo mtu akikupimia "udi halisi" kwa buku tano, humo hamna mti, kuna kemikali iliyoiga mti. Sikatai. Ya kuiga inaweza kuwa na vitu vichache kuliko mafuta ya kuni, na mkono wangu umewahi kuikubali ya kuiga ukaikataa ya kweli. Ila ya kuiga inasema neno moja kutwa nzima. Ya kweli inahama.

Ile ya Assam, kuni zake zinalowekwa majini mpaka zinachachuka kabla ya kukenekwa, ndipo zizi linapotokea. Ukipaka, dakika za mwanzo ni hilo zizi na kitu kichachu juu yake, mtindi uliopitiliza. Baada ya saa hivi, wanyama wanaondoka na kubaki ngozi: ala ya sime iliyovaliwa miaka, jasho limekaukia humo. Halafu inakuja sehemu ninayoipenda kuliko zote, kibuyu cha maziwa kilichosafishwa kwa kijinga cha mzeituni mwitu, moshi na mafuta ya maziwa vimeshikana huwezi kuvitenganisha. Jioni ukinusa kiwiko unakuta kuni kavu na asali ya mbali. Wauzaji wa mjini wanakwambia "harufu ya kifalme." Mfalme gani? Anayekijua kile kibuyu hahitaji mfalme.

Na mahali panaibadilisha. Ukingoni asubuhi, ukungu umefunika kreta na vidole vimekufa ganzi, mafuta yanapaa polepole, basi zizi linakaa na wewe mpaka chai ya saa nne. Shuka mpaka chini ya kreta mchana, joto likikolea, inafunguka yote kwa mpigo. Ndiyo maana kujaribu pafyumu barazani mwa duka halafu ukasema umeijua ni kujichanganya. Na ngozi kavu inakimbiza harufu, kwa hiyo tangulia na mafuta ya mgando yasiyo na harufu, kidogo tu.

Ya pili kwenye moyo wangu inatoka Kannauj, India, inaitwa mitti. Jamaa wanachoma udongo kama vyungu, wanaukeneka kwa mvuke, harufu inadakwa ndani ya mafuta ya msandali. Ni harufu ya mvua ya kwanza kwenye udongo mkavu. Wanasayansi wawili wa Australia, Isabel Joy Bear na Richard Thomas, waliiandika kwenye jarida la Nature mwaka 1964: udongo na mawe vinanyonya mafuta ya mimea wakati wa kiangazi, unyevu ukija yanaachiwa. Juu yake kuna jeosmini, inayotengenezwa na bakteria wa udongoni. Karatu Novemba tunapewa bure mpaka kwenye paa la bati. Ya Kannauj ni tulivu kuliko yetu. Imetulia sana, kusema kweli, haina ule ukali wa chuma wa vumbi la Rhotia. Lakini mkono wangu haukusema kitu, si siku ya pili, si wiki nzima, na kwa mtu wa pumu ya ngozi huo ni ushindi wa fainali.

Mchanganyiko wa waridi, zafarani, ambari na miski, ambao Waarabu wanauita mukhallat, nimeupenda kwa pua na kuachana nao kwa mkono. Waridi linapiga kelele dakika kumi, zafarani inaleta ukavu wa utambi uliozimwa sasa hivi, chini kuna kitu kichafu kitamu kisichoisha. Siku ya pili, vipele. Sijutii, ila pale kwenye ngozi haurudi.

Na mkisikia "kitu kichafu kitamu" msicheke, maana chanzo chake kinatembea humu humu. Zabadi ya zamani inatoka kwenye tezi za fungo, yule mnyama wa usiku mwenye madoa anayekatiza mbele ya taa za gari. Kuna watengeneza manukato wanaotumia hata mkojo wa pimbi ulioganda miaka mingi hadi ukawa jiwe, mwingi unatoka Afrika Kusini. Pimbi! Yule anayeota jua kwenye mawe na kukukodolea. Siku hizi vingi vya wanyama vimebadilishwa na vya maabara, na fungo wetu wapumzike. Morani wa Ngorongoro hakuhitaji kusubiri lolote kati ya hayo: anavunja majani ya leleshwa, anaweka kwapani, anaendelea na ng'ombe wake. Ni harufu ya kafuri, kavu, safi. Nilitaka kuijaribu kwenye kiwiko, mshikaji wangu Mmasai akanitazama tu, akasema, "Kwenye kidonda? Wewe sio mzima."

Pia kuna adabu. Wengi wetu huku tunakula kupitia watalii. Ukiwa ndani ya Landcruiser na wageni, vioo vimefungwa kwa ajili ya vumbi kutoka geti la Lodoare, la kuingilia Ngorongoro, mpaka juu, udi wako unakuwa wa gari zima, na pengine mgeni mwenyewe ana ngozi au kifua kinachomaindi kuliko changu. Na ukiwapeleka Mang'ola alfajiri kuwafuata Wahadzabe porini, usijipake hata tone. Mwindaji anayehesabu upepo unatoka wapi hatafurahi ukimbebea waridi.

Kwa ile ambayo ngozi imegoma na pua bado inalia, nguo ipo. Unguja wanatandaza khanga na kanzu juu ya chetezo, moshi wa udi unaingia kwenye nyuzi na mwili hauguswi. Mimi moshi siuwezi, maana wenye pumu ya ngozi wengi tuna na ile ya kifua, basi naweka tone kwenye upindo wa nje wa sweta au pindo la shuka, mbali na shingo. Sufu inashika harufu siku kadhaa, na baridi yetu inaisaidia. Ila shati jeupe la harusi usithubutu. Udi wa kweli una rangi ya kahawia iliyokolea na hautoki kwa sabuni ya unga wala kwa jiki. Kuna mwana wa Rhotia alisimama mpambe wa bwana harusi na alama ya kidole gumba kwenye kola, kahawia kabisa, na mpiga picha alikuwa na bidii sana siku ile.