Mradi wa kifaa cha kusaka vitu vilivyopotea

Katika nyumba nyingi, asubuhi haipiti kabla ya mtu kuuliza nani ameona ufunguo, miwani ya nyanya au rimoti ya televisheni. Basi si ajabu kwamba mwanafunzi akiagizwa na mwalimu wa sayansi abuni kitu cha kusaidia nyumbani, huenda akachagua kifaa cha kusaka vitu vilivyopotea. Mzazi, usimkataze. Vipuri vyake hupatikana katika maduka ya vifaa vya elektroniki kama yale ya Luthuli Avenue jijini Nairobi.

Kifaa chenyewe kina sehemu mbili. Kitumaji hutundikwa ukutani, na ukibonyeza swichi yake hutoa mawimbi ya redio ya megahezi 433. Kipokezi hufungwa kwenye kitu chenyewe, nacho hulia kwa baza kikiyapata mawimbi hayo. Kila upande uwekewe waya wa antena wa sentimita 17, yaani robo ya urefu wa wimbi. Ukiusahau waya huu, usishangae kifaa kikikosa kusikia kutoka chumba cha pili.

Kipokezi kikiunganishwa na baza moja kwa moja hulia ovyo, hata pasipo mtu kubonyeza. Dawa yake ni chipu mbili: HT12E hutia namba ya siri katika mawimbi, na HT12D huitambua. Kuna namba 256 za kuchagua, kwa hivyo kifaa cha mwenzake darasani hakitamchokoza.

Hapo mtoto atafurahi na kudhani amemaliza. Bado. Ufunguo haupotei kwa miadi, na kipokezi hakina budi kuwa macho usiku na mchana, huku kikila umeme wa miliampia 4 hivi. Akitumia betri ya volti 9 pamoja na chipu ya 7805 ya kushusha umeme hadi volti 5, chipu hiyo nayo hula karibu kiasi kicho hicho. Betri hiyo huwa na miliampia-saa 500 hivi. Piga hesabu: itadumu siku mbili na ushei. Kifaa kilicholia vizuri Ijumaa jioni kitakuwa kimya Jumatatu mbele ya mwalimu, na maskini mtoto atafungua waya zote akitafuta kosa lisilokuwepo.

Betri nne za AA za kuchajiwa hutoa volti 4.8 bila chipu ile. Zikiwa za miliampia-saa 2000 zitadumu karibu majuma matatu. Ni nzito kwa ufunguo, lakini kwa mkoba wa shule hazina neno. Anayejua kuandika programu anaweza kufanya kipokezi kiamke kidogo kila sekunde kisha kilale tena. AirTag, iliyotolewa na Apple mwaka 2021, pia hulala muda mwingi, na ndiyo sababu betri yake moja ya mviringo hupita mwaka.

Akimaliza, mfichie kifaa chini ya godoro, nyuma ya mlango, kisha ndani ya sanduku la bati kama lile la bweni. Bati huzuia mawimbi ya redio. Apime umbali kwa mita kila mahali, na hata pale ambapo baza haikulia aandike katika ripoti yake.