Chipu ndogo inayookoa herufi zisipotee njiani

KICHAKATAJI, ambacho ndicho ubongo wa tarakilishi, hushughulikia biti 8, 16 au zaidi kwa mpigo mmoja. Waya wa mawasiliano, kwa upande wake, hupitisha biti moja baada ya nyingine. Kazi ya kupatanisha pande hizo mbili hufanywa na chipu iitwayo UART.

Chipu hiyo hupokea herufi nzima kutoka kwa kichakataji, huigawa katika biti zake na kuzituma kwa zamu. Hutanguliza biti moja ya kuashiria mwanzo na kumalizia kwa nyingine ya mwisho. Hivyo basi, herufi ya biti 8 kwa kawaida husafiri ikiwa biti 10. Chipu ya upande wa pili huziunganisha upya. Ni sharti pande zote mbili zipangiwe kasi moja, la sivyo ujumbe hufika ukiwa umevurugika.

Tarakilishi ya IBM PC ilipozinduliwa mwaka wa 1981, kadi yake ya mawasiliano ilitumia chipu aina ya 8250. Chipu hiyo ilikuwa na kasoro moja kuu: iliweza kuhifadhi herufi moja tu iliyokamilika huku ikipokea inayofuata.

Katika kasi ya biti 9,600 kwa sekunde, herufi mpya huwasili takriban kila sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kasi ikipanda hadi biti 115,200, herufi 11,520 huingia kila sekunde. Iwapo kichakataji kimeshughulika kwingine, kwa mfano kuandika kwenye diski, herufi mpya huifuta ile ambayo haijachukuliwa. Ikishafutwa, hairudi.

Suluhisho lilikuwa ghala. Chipu ya 16550 ilitengewa nafasi ya herufi 16 zinazopanga foleni, ya kwanza kuingia ikiwa ya kwanza kutoka. Toleo la awali lilikuwa na hitilafu katika ghala hilo, ikarekebishwa katika 16550A.

Chipu hiyo inaweza kuagizwa imwite mkubwa wake, yaani kichakataji, baada ya herufi 14 kuingia. Nafasi mbili husalia akiba wakati kichakataji kinakamilisha kazi nyingine. Aidha, hakisumbuliwi tena kwa kila herufi.

Ingawa USB imechukua nafasi ya soketi za zamani katika tarakilishi nyingi, UART haijatoweka. Imo ndani ya vidhibiti vidogo, vipokezi vya GPS na modemu za GSM.

Kwa fundi, tofauti ya dalili ni muhimu. Maandishi yakivurugika yote, kwanza akague kasi ya pande mbili. Yakisomeka vyema lakini herufi zinakosekana hapa na pale, huenda waya hauna hatia: ghala linafurika kabla ya kichakataji kufika.