Dakika Nane za Fainali: Bei ya Kupanda Jukwaani kutoka Mafiga

Kwaya ya watu 40 kutoka Mafiga, Manispaa ya Morogoro, ikifuzu kwenda fainali inayofanyika Iringa, itaimba wimbo wa lazima, itaimba wimbo wa kuchagua, kisha itashuka. Dakika nane hivi. Kwa hesabu tutakayoipiga hapa, dakika hizo zinagharimu Sh5,051,488, yaani Sh631,436 kwa kila dakika. Kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma kilipanda Julai 2025 kutoka Sh370,000 hadi Sh500,000. Kwa kipimo hicho, fainali moja inameza mshahara wa miezi kumi.

Kinachoshangaza ni kwamba fedha hizo karibu zote haziendi kwenye muziki. Zinaishia barabarani, mezani, kitandani na kwa fundi cherehani. Koo la mwimbaji halinunuliwi wala halikodishwi, na ndiyo maana muziki wa nota ulienea nchini kwa njia ya kwaya na si ya piano. Lakini mwenye koo anakula, analala na anapanda gari. Kinachokuwa bure nyumbani kinakuwa ghali safarini, na anayepanga bajeti ya fainali bila kuliona hilo ataishia kupitisha bakuli la dharura wiki ya mwisho.

Njia ya kufika huko

Muziki wa klasiki kwa wengi wetu ni kwaya ya sauti nne: ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne. Ni "Haleluya" ya Handel wakati wa sikukuu, ni nyimbo za watunzi wetu zilizoandikwa kwa tonik solfa na kunakiliwa ubaoni, na ni mashindano. Kwaya za Kanisa la Kilutheri (KKKT) hupanda kutoka usharika hadi jimbo na dayosisi. Wanafunzi wa sekondari wana UMISSETA, ambayo pamoja na soka na riadha ina kwaya na ngoma, na hupanda kutoka shule hadi halmashauri, mkoa na taifa. Kenya wana Tamasha la Muziki lililoanza mwaka 1927, mwaka uleule ambao mashindano ya piano ya Chopin yalianza Warszawa, Poland.

Kila ngazi ni safari mpya. Mkoa wa Morogoro una halmashauri tisa, kwa hiyo fainali ya mkoa ikifanyika mjini na kila halmashauri ikileta kwaya moja, nane zinasafiri na moja iko nyumbani. Kwaya ya Mafiga ikiwa ndiyo hiyo ya tisa, inapata ngazi nzima kwa bei ya daladala. Faida hiyo inaisha mara tu inapovuka mpaka wa mkoa.

Kila kilomita, Sh4,265

Tuanze na usafiri, kwa kuwa bei yake inajulikana. Kwa viwango vya mamlaka ya udhibiti wa usafiri ardhini, LATRA, vilivyoanza kutumika Desemba 8, 2023, abiria wa basi la masafa marefu la daraja la kawaida hulipa Sh48.47 kwa kilomita. Msafara wetu una watu 44: waimbaji 40, mwalimu wa kwaya, mpiga kinanda na viongozi wawili. Kwenda na kurudi, kila kilomita ya umbali inagharimu Sh4,265. Namba hiyo ndiyo ya kubandika ukutani mwa chumba cha mazoezi.

Ukiizidisha, ramani inageuka kuwa orodha ya bei. Dar es Salaam, takriban kilomita 190 kutoka Morogoro, ni Sh810,418. Iringa, iliyopokea UMISSETA mwaka 2025, iko takriban kilomita 310: Sh1,322,262. Mtwara, iliyoipokea mwaka 2021, ni takriban kilomita 750 kwa kupitia Dar es Salaam: Sh3,199,020. Wimbo ni uleule, waimbaji ni walewale, lakini uamuzi wa kufanyia fainali Iringa au Mtwara unaongeza au kupunguza karibu Sh1.9 milioni kabla mtu hajafungua kinywa.

Ndani ya mkoa pia mambo ni hayohayo. Ifakara iko takriban kilomita 220 kutoka Morogoro mjini. Kwaya ya ukubwa huu ikitoka huko kuja fainali ya mkoa italipa Sh938,379, zaidi ya anachotumia mwenzake wa Mafiga kwenda Dar es Salaam. Ifakara inalipa bei ya taifa ili kushiriki ngazi ya mkoa.

Reli ya SGR imebadilisha hesabu ya Dar es Salaam. Ilipoanza safari Juni 2024, nauli ya daraja la kawaida kati ya Dar es Salaam na Morogoro iliwekwa Sh13,000. Kwa watu 44, kwenda na kurudi ni Sh1,144,000, yaani Sh333,582 zaidi ya basi. Mhazini akiangalia safu hiyo moja atachagua basi pale stendi ya Msamvu. Lakini treni inatumia chini ya saa mbili. Kwaya inaweza kupanda asubuhi katika stesheni ya Kihonda, ikaimba mchana na ikalala kwao. Usiku mmoja usiolipiwa, kama tutakavyoona, ni Sh440,000. Treni inakuwa rahisi pale tu inapoondoa kitanda. Kama kwaya italala Dar es Salaam vyovyote iwavyo, basi linabaki kuwa nafuu.

Bajeti yenyewe

Turudi Iringa. Nauli ni ya LATRA. Bei nyingine ni makadirio ya kawaida ambayo kila kwaya inaweza kuyabadilisha kulingana na soko lake. Msafara unaondoka siku ya kwanza, unaimba siku ya pili na kurudi siku ya tatu.

- Nauli ya watu 44, kwenda na kurudi: Sh1,322,262
- Chakula, Sh7,500 kwa mtu kwa siku (chai na milo miwili), siku tatu: Sh990,000
- Malazi, vyumba 22 vya watu wawili wawili kwa Sh20,000, usiku mara mbili: Sh880,000
- Sare za waimbaji 40, kitenge na ushonaji, Sh35,000 kila moja: Sh1,400,000
- Dharura, asilimia 10: Sh459,226
- Jumla: Sh5,051,488

Soma orodha hiyo kwa jicho la mwanamuziki. Hakuna mstari wa nota, wala wa kinanda, wala wa mwalimu. Kinanda ni cha kanisa, nota zimenakiliwa kwa mkono au kupigwa picha kwa simu, mwalimu anajitolea. Chakula na malazi kwa pamoja ni Sh1,870,000, fedha nyingi kuliko nauli. Sare peke yake inazidi nauli ya kwenda na kurudi Iringa, ingawa yenyewe itavaliwa tena Pasaka na Krismasi.

Ukigawanya jumla kwa waimbaji 40, kila mmoja anabeba Sh126,287. Kwa miezi mitatu ya maandalizi ni Sh42,096 kwa mwezi. Kwa fundi au muuza mboga wa Soko Kuu la Chifu Kingalu, hilo ni deni la kweli. Hapo ndipo sauti nzuri zinapobaki nyumbani kimyakimya: mtu hasemi hana fedha, anasema ana udhuru.

Gharama isiyoandikwa

Kuna fedha ambayo haimo kwenye daftari la mhazini kwa sababu hailipwi na kwaya. Mazoezi mara mbili kwa wiki kwa wiki 12 ni mazoezi 24. Wakija nusu ya waimbaji kwa daladala, Sh600 kwenda na Sh600 kurudi, watu 20 wanatumia Sh576,000 kutoka mifukoni mwao. Inazidi theluthi moja ya nauli ya Iringa, na imetoka kwa sarafu kabla mtu yeyote hajaitisha mchango.

Muda nao uhesabiwe. Mazoezi ya saa mbili, mara 24, watu 40: saa 1,920 za kazi kwa ajili ya dakika nane. Kila dakika ya jukwaani imetanguliwa na saa 240 za watu waliosimama, wakarudia mstari mmoja wa sauti ya tatu mpaka ukakaa. Majaji wanasikia dakika tu.

Mpiga piano husafiri peke yake

Ulinganisho na mashindano makubwa ya dunia unaonyesha wapi tumebeba mzigo mkubwa zaidi. Mashindano ya Chopin ya mwaka 2021 yalianza na wapiga piano 87. Mchujo wa kwanza ulibakiza 45, wa pili 23, na fainali ikawa na 12. Kila ngazi ilikata karibu nusu. Mshindi, Bruce Liu wa Kanada, alipata euro 40,000.

Piano kubwa ya jukwaani, kwa mfano Steinway ya muundo wa D, ina urefu wa sentimita 274 na uzito unaokaribia kilo 500. Hakuna anayesafiri nayo. Mshindani anazikuta piano za watengenezaji kadhaa ukumbini, anazijaribu na kuchagua moja. Siku ya fainali anapiga konseto na okestra ya Warsaw Philharmonic, ambayo si yeye anayeilipa. Kitu kizito na watu wengi vinamsubiri huko. Anayesafiri ni mtu mmoja na begi lake.

Kwaya ni kinyume chake kabisa. Chombo chake kina miguu 80 na matumbo 40, na chote lazima kifike. Nyumbani, piano ya kufanyia mazoezi ingemshinda kijana wa Mafiga kwa bei, wakati kwaya inamkaribisha bure. Kwenye fainali mambo yanageuka: mpiga piano analipa nauli moja, kwaya inalipa 44.

Pa kupunguza, na pa kuacha

Kwa kuwa karibu kila mstari wa bajeti unazidishwa kwa idadi ya vichwa, wazo la kwanza ni kupunguza vichwa. Kwaya ya waimbaji 24, na watu wengine wanne walewale wa msafara, ingetumia Iringa Sh3,158,583. Ni upungufu wa Sh1,892,905, na msafara wa watu 28 unaenea kwenye Coaster moja. Ila kila sauti inashuka kutoka watu 10 hadi sita. Wawili wa sauti ya nne wakipata mafua njiani, theluthi ya besi imekwenda. Kwaya inayojua kuimba kwa sauti kubwa tu haitavumilia hilo. Iliyozoea kusikilizana itavumilia.

Wazo la pili linapunguza gharama bila kumgusa mwimbaji: kitanda. Mashindano ya Malkia Elisabeth ya Brussels, Ubelgiji, hupokea washiriki katika familia za wenyeji. Baadaye wanafainali 12 hukaa wiki nzima katika makazi ya Chapelle Musicale, kila mmoja akijifunza kazi mpya ambayo hajawahi kuiona. Huo ndio wimbo wa lazima wa kwao. Kwaya zetu nazo zinaijua desturi ya kulala kwa waumini. Ikipangwa mapema na usharika mwenyeji, Sh880,000 za malazi zinafutika, na familia zikiwapa wageni chai ya asubuhi, mstari wa chakula nao unashuka.

Wazo la tatu liko mikononi mwa waandaaji, nalo ndilo lenye uzito mkubwa: wakati mwingine asafiri jaji. Majaji watatu kwenda Ifakara na kurudi kwa basi ni Sh63,980 za nauli. Kwaya moja ya Ifakara kuja mjini ni Sh938,379. Hata ukiongeza posho na malazi ya majaji, bado pengo ni kubwa. Kwa ngazi za chini, rekodi ya simu iliyopigwa mfululizo bila kukatwa inaweza kutosha. Warszawa kwenyewe mchujo wa awali kabisa hufanywa kwa video.

Fainali yenyewe isiguswe. Thamani yake haiko kwenye kombe tu. Kwaya kumi zinaposikilizana katika ukumbi mmoja, mwalimu wa Mafiga anasikia kwa masikio yake jinsi mwenzake wa Bukoba au Mbeya alivyoufungua wimbo uleule wa lazima, na anarudi na kitu cha kufundisha Jumanne inayofuata. Hilo halipatikani kwenye video.

Kwa hiyo mpangilio wa busara ni huu. Waandaaji watangaze mahali pa fainali angalau miezi sita kabla, kwa kuwa kilomita ndizo zinazoamua bajeti. Wachuje ngazi za chini kwa majaji wanaosafiri au kwa rekodi, na fedha itakayookolewa iwe ruzuku ya nauli kwa waliofuzu, ikilipwa kwa kilomita ili wa mbali asiadhibiwe kwa umbali wake. Kwaya nayo ianze kuchanga siku inapopewa wimbo wa lazima, si siku inapofuzu, na mhazini wake aandike nauli za mazoezi kama gharama halali. Kwa Sh12,000 kwa mwezi, waimbaji 40 wanakusanya Sh5,760,000 kwa mwaka: safari ya Iringa imelipwa yote, na zinabaki zaidi ya Sh700,000 za kumlipia daladala anayetoka mbali na chumba cha mazoezi.