Mashaka, Vitabu na Imani ya Mkristo

Kamati ya parokia inapokaa kupanga matumizi ya mwaka, fungu la vitabu huwa miongoni mwa yale yanayokatwa mapema. Paa linavuja, nyumba ya katekista haijaisha, pampu ya kisima imeharibika. Nani atatetea vitabu? Lakini mbali na uhaba wa fedha ipo sababu nyingine, ambayo haiandikwi katika muhtasari wa kikao. Ni hofu. Wapo wazee wetu wanaoamini kwamba kijana akisoma sana ataanza kuuliza, akiuliza ataingiwa na mashaka, na akiingiwa na mashaka atalihama Kanisa. Hofu hiyo si ya kubezwa, maana vijana wanahama kweli. Katika makala hii tunapenda kuitazama kwa mfano wa Mwafrika ambaye jina lake linajulikana katika kila parokia, ingawa njia aliyopitia kufikia imani haisimuliwi mara nyingi.

Askofu aliyekataa kubishana

Mtakatifu Augustino alizaliwa mwaka 354 huko Thagaste, mji ambao leo unaitwa Souk Ahras, nchini Algeria. Mama yake, Monika, alikuwa Mkristo. Augustino alipokuwa na umri wa miaka 19 hivi, akisoma Karthago, alikutana na kitabu cha Cicero kiitwacho Hortensius. Hakikuwa kitabu cha Kikristo, lakini kilimwashia hamu ya kutafuta hekima. Akayaendea Maandiko Matakatifu, na hapo akakwama. Lugha ya tafsiri aliyoisoma ilikuwa duni machoni pake akiilinganisha na ile ya Cicero, akayaweka kando. Ndipo akaingia kwa Wamanikei, kundi lililodai kuwa na majibu ya kiakili kwa maswali yote, hasa swali la uovu umetoka wapi. Alikaa nao takriban miaka 9.

Monika alimwendea askofu mmoja akamwomba azungumze na mwanae ili amtoe katika upotofu huo. Askofu akakataa. Alimweleza kwamba kijana bado hafundishiki. Amwache kwanza, amwombee, kwa kuwa atagundua kosa lake mwenyewe kwa kusoma. Akamsimulia kwamba yeye pia alikabidhiwa kwa Wamanikei akiwa mtoto, akavisoma karibu vitabu vyao vyote na hata kuvinakili, akatoka humo bila mtu yeyote kubishana naye. Monika hakuridhika. Alizidi kumsihi kwa machozi hadi askofu akachoka na kumwambia aende zake, kwani haiwezekani mwana wa machozi kama hayo apotee. Mahubiri yetu huyakumbuka machozi, lakini shauri lile la kusoma huachwa.

Na ndivyo ilivyotokea. Augustino alisoma vitabu vya wataalamu wa nyota, akaona hesabu zao kuhusu kupatwa kwa jua na mwezi ni sahihi kuliko maelezo ya Mani. Akauliza. Akaambiwa amsubiri Faustus, askofu wao mashuhuri, yeye atamjibu. Faustus alipofika alikuwa msemaji mtamu na mtu wa kupendeza, lakini alikiri kwamba mambo hayo hayajui. Augustino alimheshimu kwa ukweli wake, lakini tumaini alilokuwa nalo kwa Wamanikei likavunjika. Tuangalie vizuri hapo: ni mashaka yaliyomtoa katika upotofu.

Mwaka 384 alifika Milano, Italia, kufundisha ufasaha. Mahubiri ya Askofu Ambrosi yalimfungulia Agano la Kale, ambalo lilikuwa limemkwaza kwa muda mrefu. Hata hivyo Ambrosi hakuwa na nafasi ya kumsikiliza kwa kirefu. Waumini waliingia bila kubisha hodi, wakamkuta akisoma kimya kimya, wakaketi kidogo, kisha wakaondoka ili wasimsumbue. (Paroko mwenye vigango kumi anaelewa.) Aliyepata nafasi ya kukaa naye ni padre mzee aitwaye Simplicianus, ambaye alimsimulia habari za Victorinus, msomi aliyetafsiri baadhi ya vitabu vya kifalsafa ambavyo Augustino alikuwa akivisoma wakati huohuo, na ambaye uzeeni alikiri imani hadharani. Baadaye mgeni mmoja, Mwafrika mwenzake, akawasimulia juu ya maofisa wawili waliokikuta kitabu cha maisha ya Mtakatifu Antoni wa Misri katika kibanda, wakakisoma, wakaacha kazi ya serikali. Mwaka 386, bustanini, Augustino alifungua Waraka kwa Warumi. Alibatizwa Pasaka ya mwaka 387.

Wasomaji

Huku kwetu pia Ukristo uliingia kwa njia ya kusoma. Katika Buganda ya miaka ya 1880 waumini wapya waliitwa wasomaji, na kusoma kulimaanisha pia kujifunza dini. Kabla vitabu vya Kiganda havijawa tayari, walitumia Injili za Kiswahili zilizotafsiriwa na Askofu Steere wa Zanzibar. Baadhi ya wasomaji hao ndio waliouawa kati ya mwaka 1885 na 1887. Ni vigumu basi kusema kwamba kitabu hudhoofisha imani.

Wapo watakaosema: Augustino alikuwa bado hajabatizwa, Mkristo aliyekomaa hana mashaka. Mwaka 2007, miaka 10 baada ya kifo cha Mama Teresa wa Calcutta, zilichapishwa barua zake kwa viongozi wake wa kiroho, barua ambazo mwenyewe aliomba ziharibiwe. Zilionyesha kwamba kwa sehemu kubwa ya miaka yake ya utume aliishi katika giza la kutomsikia Mungu. Kazi hakuiacha, na mwaka 2016 alitangazwa mtakatifu.

Tusiseme hata hivyo kwamba kitabu ni dawa ya kila shaka. Mama aliyemzika mtoto wake na kuuliza Mungu alikuwa wapi hahitaji kuazimwa kitabu siku hiyo. Anahitaji watu wa jumuiya yake waje wakae naye. Kitabu kinaweza kufuata, baada ya miezi.

Tunachoziomba kamati ni kidogo. Parokia itafute Simplicianus wake: mwalimu mstaafu, mtawa, au mzee yeyote aliyesoma na asiyeshtuka anapoulizwa maswali, awepo siku inayojulikana. Ufunguo wa kabati la vitabu ukae kwake, siyo kwa katibu anayeonekana Jumapili peke yake. Na kama Faustus, asiogope kusema hajui, ila yeye aongeze kwamba watatafuta pamoja.

Kwa wafadhili wetu, tunashukuru kwa maboksi ya vitabu vya Kiingereza, lakini vingi vinabaki kabatini kwa sababu ya lugha. Ndanda na Peramiho wamechapisha vitabu vya dini kwa Kiswahili kwa miaka mingi. Nauli ya boksi moja kutoka Ulaya inatosha kununua vya kutosha kuanzisha rafu.