Sumaku Haivuti Dhahabu

Tafuta sumaku. Kama huna, mwombe fundi redio akupe spika mbovu. Nyuma ya spika kuna kipande kizito cha mviringo. Hicho ndicho sumaku.

Isogeze karibu na msumari. Msumari utaruka na kunasa. Sasa isogeze karibu na kijiti, chupa, au sufuria ya alumini. Hakuna kitakachonasa. Sumaku huchagua. Huvuta chuma, vitu vyenye chuma, na vitu vingine vichache tu.

Watu wengi wanatumia sumaku kila siku bila kujua. Imo ndani ya redio na simu, na husaidia kutoa sauti. Imo ndani ya dainamo inayowasha taa ya baiskeli. Fundi cherehani huitumia kuokota sindano zilizoanguka. Katika mashine nyingi za kusaga, sumaku hunasa misumari iliyochanganyika na mahindi. Hata wafugaji huitumia. Katika nchi nyingi, ng'ombe wa maziwa humezeshwa sumaku ndogo. Sumaku hiyo hukaa tumboni na kushika misumari na vipande vya waya alivyokula pamoja na majani. Hivyo tumbo halitobolewi.

Lakini huku kwetu Geita, Kahama na Shinyanga, sumaku ina kazi nyingine. Inaweza kumsaidia mchimbaji mdogo kulinda dhahabu yake na afya yake.

CHUMA NA DHAHABU HUKAA PAMOJA

Mawe mengi ya vilima vya Geita yana matabaka yenye chuma kingi. Jambo hili si geni. Zamani Warongo wa Uzinza waliyeyusha mawe ya chuma na kufua majembe. Wasukuma waliyapata majembe hayo kwa biashara.

Katika mawe hayohayo ya chuma imo dhahabu. Mgodi wa zamani wa Geita ulichimba dhahabu tangu mwaka 1936 hadi mwaka 1966. Mgodi mkubwa wa siku hizi ulianza kutoa dhahabu mwaka 2000. Pamoja na migodi mikubwa, wako wachimbaji wadogo wengi, wanaume kwa wanawake.

Mchimbaji mdogo hutoa mawe katika duara. Mawe hupondwa, kisha husagwa katika karasha. Unga wa mawe huoshwa kwa maji mwaloni. Maji huchukua vitu vyepesi. Vitu vizito hubaki chini.

Angalia uzito wa vitu hivi. Maji ya lita 1 yana uzito wa kilo 1. Jiwe jeupe la kawaida lenye ujazo huohuo lina uzito wa kilo 2 na nusu hivi. Jiwe jeusi la chuma lina kilo 5 hivi. Dhahabu safi ina kilo 19 hivi.

Kwa hiyo mchanga mweupe huondoka na maji. Mchanga mweusi wa chuma ni mzito, nao hubaki katika karai pamoja na dhahabu. Hapo ndipo mchimbaji hupata taabu. Akiendelea kuosha kwa nguvu ili aondoe mchanga mweusi, chembe ndogo za dhahabu nazo huondoka. Jasho lake huenda na maji.

JINSI YA KUTENGA KWA SUMAKU

Sumaku huvuta mchanga mweusi wa chuma. Haivuti dhahabu. Fanya hivi:

1. Anika mchanga mzito mpaka ukauke kabisa. Mchanga wenye maji hugandana na kuchukua dhahabu.

2. Utandaze mwembamba juu ya karatasi safi au sahani isiyo ya chuma. Fanya kazi hii mahali pasipo na upepo.

3. Funga sumaku ndani ya mfuko wa plastiki. Ukiiacha wazi, mchanga utaishika na itakuwa vigumu kuutoa.

4. Pitisha sumaku juu kidogo ya mchanga. Usiizamishe. Chembe nyeusi zitaruka na kuishika.

5. Peleka sumaku juu ya sahani nyingine. Itoe ndani ya mfuko. Mchanga mweusi utaanguka wenyewe.

6. Rudia mpaka hakuna kinachoruka tena.

7. Usitupe mchanga ulioutoa. Utandaze tena na upitishe sumaku mara ya pili. Chembe za dhahabu huweza kubebwa katikati ya chembe za chuma.

Si kila mchanga mweusi huvutwa na sumaku. Kiasi fulani kitabaki. Hata hivyo, mzigo wa kusafisha utakuwa umepungua.

ZEBAKI NI SUMU

Wachimbaji wengi hutumia zebaki kukamata dhahabu. Zebaki hushikana na dhahabu na kuwa donge. Kisha donge huchomwa motoni. Zebaki hugeuka mvuke na dhahabu hubaki.

Mvuke huo hauonekani wala haunuki. Anayeuvuta huumia ubongo, mishipa ya fahamu na figo. Mikono huanza kutetemeka. Mama mjamzito huweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Donge likichomwa jikoni, familia nzima huvuta sumu. Zebaki inayomwagika mtoni huingia katika samaki, na samaki huliwa na watu.

Huko Minamata, nchini Japani, kiwanda kilimwaga zebaki baharini. Watu waliokula samaki waliugua, na wengi walikufa. Ugonjwa huo ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Mwaka 2013 mataifa yalifanya mkataba wa kupunguza zebaki, ukaitwa Mkataba wa Minamata. Tanzania iliuridhia mwaka 2020.

Sumaku inasaidiaje? Mchanga ukipungua, zebaki inayohitajika hupungua pia. Na kama chembe za dhahabu ni kubwa, zikishatengwa vizuri zinaweza kuyeyushwa kwa boraksi bila zebaki kabisa. Wachimbaji wadogo wa Ufilipino wamefanya hivyo kwa miaka mingi. Sumaku peke yake haimalizi kazi yote, hasa dhahabu ikiwa laini kama unga. Lakini bei yake ni ndogo, haiishi kama zebaki, na haimdhuru anayeitumia kwa kazi hii.

USIDANGANYIKE

Sumaku ina faida nyingine. Mtu akikuletea kipande cha dhahabu, kijaribu kwa sumaku. Kikinasa, ujue kina chuma ndani yake. Usikinunue kwa bei ya dhahabu.

Lakini shika neno hili: kisiponasa, bado si ushahidi kwamba ni dhahabu. Shaba haivutwi na sumaku. Yale mawe ya manjano yanayong'aa na kuwadanganya wachimbaji wageni, nayo hayavutwi. Sumaku inaweza kumfichua mdanganyifu. Haiwezi kumthibitisha mkweli. Pima uzito pia, na uza mahali penye mizani halali.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Taja vitu vitatu nyumbani kwako vyenye sumaku.

2. Kwa nini mchanga mweusi hubaki katika karai pamoja na dhahabu?

3. Kwa nini mchanga ukaushwe kabla ya kutumia sumaku?

4. Katika kijiji chenu zebaki huchomwa wapi? Nani huwa karibu wakati huo?

5. Leteni darasani sumaku moja na mchanga wa mtoni. Pitisheni sumaku juu ya mchanga mkavu. Mmeona nini?