Samaki wa boti za kitalii: Uliza barafu kabla ya kuuliza bei

Msimu wa kaskazi, boti za uvuvi wa kitalii za Malindi, Watamu na Shimoni hurudi gatini na samaki ambao mchuuzi wa kawaida huwapata kwa nadra: jodari wakubwa, faulusi, nduaro. Nduaro wengi siku hizi hutiwa alama na kurudishwa baharini. Samaki anayeuzwa humvutia mnunuzi mwenye mtaji mdogo, hasa bei ikiwa nafuu. Lakini inafaa ajue kwanza samaki huyo alikufa saa ngapi na aliwekwa kwenye barafu saa ngapi.

Jodari, nguru, vibua na faulusi wana katika nyama yao kitu kiitwacho histidini, ambacho bakteria hukigeuza kuwa histamini samaki akikaa kwenye joto. Mlaji huiva uso, huumwa kichwa, huwashwa mwili na hata kuharisha, mara nyingi kabla hajaondoka mezani. Histamini haiondolewi kwa kukaanga, kuchemsha wala kugandisha, na samaki anaweza kuwa nayo bila kunuka. Pua ya mpishi, hata awe na uzoefu wa miaka 20, si kipimo.

Kwa anayelenga soko la nje, hapo ndipo fedha hupotea. Umoja wa Ulaya huchukua sampuli 9 kwa shehena. Wastani usizidi miligramu 100 za histamini kwa kilo, na hakuna sampuli hata moja inayoruhusiwa kupita 200. Shehena ikikataliwa, nauli ya ndege imekwisha kulipwa.

Jodari ana tatizo la ziada. Mwili wake una joto kuliko maji anamoishi, na akivutana na mshipi kwa muda mrefu joto hilo hupanda zaidi. Nahodha anayejua kazi humtoa damu papo hapo, humtoa matumbo na mashavu, kisha humzamisha kwenye barafu iliyochanganywa na maji ya bahari. Kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki ni makisio mazuri kwa nchi za joto. Kinyume chake ni samaki kutundikwa juani ili mgeni apigwe picha, desturi ya zamani kama safari ya Hemingway aliyevua Malindi mwaka 1934. Picha ni ya mgeni, hasara ni ya mnunuzi.

Bunju hana bei kabisa. Sumu yake, tetrodotoksini, hukaa hasa kwenye ini, mayai na ngozi, haiishi kwa moto na haina dawa ya kuivunja nguvu. Japani humwachia mpishi mwenye leseni. Ulaya imepiga marufuku jamii yake sokoni.

Nduaro na papa wakubwa nao hukusanya zebaki, na wajawazito hushauriwa wasiwale. Mwenye kuuzia hoteli amweleze mpishi ni samaki gani, asimwite “jodari” ili auzike.

Kipimajoto kidogo kitamfaa mnunuzi kuliko maneno ya gatini. Kichomwe kwenye nyama nene karibu na uti wa mgongo: samaki aliyehifadhiwa vizuri tangu asubuhi awe amekaribia nyuzi 4. Akiwa bado ana joto jioni, aachwe hata kwa nusu bei. Na nahodha aulizwe pia kama leseni yake inamruhusu kuuza.